Nadhiri ya Kijana Gandhi

Mwezi wa Septemba, mwaka 1888, kijana mmoja wa Bara Hindi alipanda meli katika bandari ya Bombay, akaenda Uingereza kujifunza sheria. Jina lake Mohandas Karamchand Gandhi, naye alikuwa hajatimiza miaka 19. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Mama yake aliogopa kumwacha aende, kwa kuwa alisikia ya kwamba vijana wafikao kule hula nyama na kunywa ulevi, wakasahau desturi za kwao; na jamaa yake walikuwa Wahindu wasiokula nyama kabisa. Basi kijana akaweka nadhiri ya mambo matatu: hatakula nyama, hatakunywa mvinyo, tena atakaa na mwenendo safi. Ndipo mama akampa ruhusa.

Ni rahisi kuweka nadhiri ya chakula nyumbani kwa mama; kuitimiza ugenini ni kazi nyingine. Katika London Gandhi alikuwa na rafiki aliyemfundisha desturi za Kiingereza. Rafiki huyu alimpenda kweli, naye aliona hofu kwamba kijana atadhoofika kwa kukosa nyama, tena hatazoea kukaa na watu wa nchi ile. Akamwuliza, nadhiri iliyowekwa mbele ya mama asiyejua kusoma, wala asiyeijua hali ya Uingereza, ina thamani gani? Siku moja akamsomea hata kitabu cha mtu mwenye elimu, apate kumshinda kwa hoja. Gandhi hakuweza kujibu hoja zile. Tena siku zile yeye mwenyewe alidhani ya kuwa nyama ni chakula chema! Lakini alijibu neno moja tu, kwamba nadhiri ni nadhiri, haivunjwi. Rafiki akafunga kitabu.

Baadaye Gandhi alipanga chumba katika nyumba ya mjane mmoja. Mama huyu hakujua ampikie nini mtu asiyekula nyama. Asubuhi kijana alipata uji, akashiba kidogo. Lakini mchana na jioni alipewa mboga za majani na mkate wenye jamu. Aliona haya kuomba zaidi ya vipande viwili vitatu. Binti wawili wa mjane walimwongeza kipande kimoja au viwili, wala hawakujua ya kuwa mkate mzima ndio ungalimtosha. Hivyo akawa mwenye njaa siku zote.

Mwenye nyumba alimwambia ya kuwa mjini iko mikahawa isiyopika nyama. Basi kila siku kijana akatoka kuitafuta, akatembea kwa miguu maili 10 au 12. Njiani aliingia katika mikahawa ya bei nafuu akala mkate mwingi, asitosheke. Siku moja, alipokuwa akizunguka hivyo, aliuona mkahawa wa namna ile katika Farringdon Street. Furaha yake ilikuwa kama ya mtoto aliyepata kitu alichokitamani sana. Karibu na mlango aliona vitabu vya kuuzwa, akanunua kimoja kwa shilingi moja. Kilikuwa kitabu cha Henry Salt, kinachoeleza sababu za kutokula nyama. Kisha akaingia ndani, akala akashiba, mara ya kwanza tangu kufika Uingereza. Kitabu akakisoma mpaka mwisho. Tangu siku ile hakuacha nyama kwa ajili ya nadhiri tu, bali kwa kuwa moyo wake mwenyewe ulisadiki.

Lakini yule rafiki alikuwa bado hajakata tamaa. Akamwalika kutazama mchezo, na kwanza wale pamoja katika mkahawa mkubwa wa Holborn, uliokuwa mzuri kama jumba la mfalme. Rafiki aliwaza moyoni, ‘Mbele ya watu wengi hivi ataona haya kuuliza lo lote, atakula kila aletewacho.’ Wakaketi, wawili katika meza moja, ikaletwa supu. Gandhi akaitazama asijue imepikwa kwa kitu gani. Akamwita mtumishi wa meza. Rafiki akauliza kwa ukali, kuna nini? Gandhi akajibu kwa kusitasita kwamba ataka kujua kama supu ile ni ya mboga tupu. Rafiki akakasirika sana, akamwambia kwamba hafai kukaa na watu wenye adabu. Kama hawezi kujizuia, na atoke akale mahali pengine, amngoje nje.

Gandhi hakumjibu neno la hasira. Akainuka akatoka, tena kwa furaha. Karibu na hapo palikuwa na mkahawa usiopika nyama, lakini usiku ule ulikuwa umefungwa. Basi akakaa na njaa. Kisha wakaenda kutazama mchezo pamoja, wala hakuna aliyetaja habari ya supu. Tangu usiku ule hawakushindana tena juu ya chakula, na urafiki wao haukupungua hata kidogo.

Mwaka 1891 Gandhi alimaliza masomo yake. Kabla ya kuondoka alitaka kuwaandalia karamu rafiki zake wasiokula nyama. Akachagua mahali gani? Palepale Holborn! Alipatana na msimamizi wa mkahawa wapikiwe chakula kisicho na nyama kabisa, na wageni wakafurahi. Mwenye karamu akasimama kutoa hotuba, lakini haya ikamshika, maneno yote yakampotea. Akawashukuru wageni kwa maneno machache, akaketi.

Alipofika Bombay, ndugu yake mkubwa alimpa habari ya msiba. Mama yao alikuwa amekufa, wakati Gandhi alipokuwa angali Uingereza. Jamaa walimficha habari ile asihuzunike ugenini. Basi hakupata kumwambia mama yake kwa kinywa chake, ‘Nimeitimiza.’ Hata hivyo alikuwa ameitimiza. Wazee wetu husema, ‘Ahadi ni deni,’ na deni hulipwa hata pasipo mtu wa kulidai.

Maswali

1. Kwa nini mama yake Gandhi aliogopa kumpa ruhusa ya kwenda Uingereza?
2. Gandhi alishikaje nadhiri yake kabla ya kusoma kitabu, na baada ya kukisoma?
3. Rafiki yake alikuwa mbaya au mwema? Toa sababu zako.
4. Kama Gandhi angalikula supu ile bila kuuliza, nani angalijua?
5. Andika habari ya ahadi moja iliyo ngumu kuitimiza.