Jumla Inayotoa Sufuri

*Bwana Mhariri, mimi ni mhazini wa chama cha akiba, Tanga. Nimenakili michango ya wanachama kutoka kwenye ujumbe wa simu hadi Excel, nikaijumlisha, nikapata 0. Tena tarehe moja imegeuka 45292. Je, hesabu zimepotea?*

Ndugu Mhazini, ondoa hofu, kwani haikupotea hata senti moja. Kitazame kisanduku kimojawapo: ikiwa “TSh 20,000” imeegemea kushoto, basi Excel, ambayo kwa desturi huziegemeza tarakimu upande wa kulia, imeidhania kuwa ni maneno, na SUM huyapita maneno kimya kimya. Hifadhi kwanza nakala ya faili, jambo ambalo nakusihi usilidharau; kisha bonyeza Ctrl+H, uiamuru programu iifute “TSh” pamoja na nafasi iifuatayo, na namba zitakazobaki kushoto uzigeuze kwa =VALUE(A2) katika safu mpya.

Ama ile 45292, ni tarehe 1 Januari 2024 yenyewe, maana Excel huhesabu siku tangu 1 Januari 1900 iliyopewa namba 1. Badilisha umbo la kisanduku liwe la tarehe, nayo itadhihiri.

Iwapo jumla bado haiwafikiani na daftari la fedha, usisahihishe kwa kukisia, bali mwite mhasibu kabla ya mkutano wa wanachama.