Nisimpe maji mtoto anayeharisha?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miezi 9 na anaharisha tangu juzi. Mama mkwe amenikataza kumpa maji wala ziwa mpaka choo kikauke, maana kila akinywa anatoa. Sasa utosi umebonyea na bibi anataka tuupake dawa ya mizizi. Nisubiri? — Mama, Muheza.

JIBU: Mama, usisubiri. Kama utosi bado umebonyea, liache gazeti hapo ulipo umpeleke mtoto zahanati. Njiani mnyonyeshe. Haya mengine utayasoma ukirudi.

Habari ya "kumkausha" mtoto naisikia mwaka hadi mwaka, na wanaoileta wanampenda mtoto kwelikweli. Wanachokiona wanakiona sawa: akinywa, dakika chache baadaye nepi imechafuka. Sababu ndiyo wanayoikosea. Kitu kikiingia tumboni, utumbo mpana hushtuka na kusukuma kilichokuwa kimeshafika huko chini. Hayo si maji aliyokunywa sasa hivi. Kuharisha kunachota maji ya mwili wenyewe, kwa hiyo ukimnyima ataendelea kupoteza bila kurudishiwa chochote. Huenda choo kikapungua kesho yake, kwa kuwa mtoto amekwisha kukauka. Hapo ndipo nyumba nzima inashangilia kwamba dawa imefanya kazi!

Utosi kubonyea ni dalili ya ukavu huohuo. Mizizi haipenyi fuvu ikapeleka maji ndani. Maji yakirudi mwilini, utosi unainuka wenyewe, hata usipoguswa.

Kuhusu figo na homoni sitakuchosha. Jua tu kwamba takriban asilimia 75 ya uzito wa mtoto anapozaliwa ni maji, na kwa mwili mdogo namna hiyo akiba huisha upesi.

Dawa yake ni ORS, unga wa sukari na chumvi unaokorogwa kwenye maji. Sukari na chumvi zikiwa kwa kipimo sahihi huingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo na kuvuta maji, hata wakati mtoto anaharisha. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu ziliadimika katikati ya kipindupindu. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa mchanganyiko wa aina hiyo, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Soma pakiti: nyingi ni za lita 1 ya maji safi, nyingine ni ndogo. Usikadirie kwa macho, kwani chumvi ikizidi inamdhuru. Kila akiharisha, mpe robo hadi nusu kikombe cha chai, kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee polepole zaidi. Maji hayo ya ORS yakifikisha saa 24, yamwage utengeneze mengine. Zahanati watampa pia zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Mmalizie hata akishapona. Soda hapana, hata iliyotolewa gesi: sukari yake nyingi inazidisha kuharisha. Vidonge vya kufunga choo vya watu wazima usithubutu.

Tangu juzi, mama! Finya ngozi ya tumbo lake uiachie: ikirudi polepole, amekauka. Macho yakiingia ndani, akilegea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au choo kikiwa na damu, hakuna cha kusubiri baba arudi kutoka kazini wala kupambazuke. Ukiwa na ORS, mnywesheni njiani. Mama mkwe naye nenda naye, akashike kikombe.