Riwaya Haina Sanad: Somo la Kusoma na Kujadili Riwaya za Kihistoria



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, muhula uliopita baadhi yetu wanafunzi wa hapa Juba tulikuwa tukikutana kila wiki baada ya Swala ya Isha. Kila mmoja alieleza kitabu alichokisoma karibuni na maoni yake juu yake. Tulianza na vitabu vya sira, kisha tukaingia kwenye riwaya za kihistoria, na hapo mjadala ukapamba moto. Watu waliotulia wakati wa sira walianza kukatizana maneno, na wengine waliondoka wamenuna. Nimeandika somo hili kwa sababu naamini ugomvi ule una elimu ndani yake, na kwa sababu vikundi vya namna hii vinazidi kuanzishwa na wanafunzi wenzetu.

1. Neno lenyewe linatufundisha

"Riwaya" ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kupokea habari na kuisimulia. Katika elimu ya hadithi, riwaya haisimami bila sanad: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa aliyeshuhudia. Katika Kiswahili cha leo, riwaya ni kisa kirefu kilichobuniwa na mtunzi. Neno ni moja, lakini masharti yake yamebadilika.

Mtunzi wa riwaya ya kihistoria hatuletei sanad. Anamweka mtu aliyeishi kweli, kama Gordon au Mahdi, katika chumba kimoja na mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, kisha anawapa wote wawili maneno ya kusema. Huyu si mwongo, maana tangu kwenye jalada ametuambia kwamba hii ni riwaya. Uongo unaanza kwa msomaji anayefunga kitabu na kwenda kusimulia mazungumzo yale kana kwamba ni historia iliyothibiti. Sura ya Al-Hujuraat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi, na Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na tabia ya kusimulia kila tunachokisikia. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu hata wanahistoria wenyewe kwa kunakili idadi za majeshi zilizotiwa chumvi bila ya kuzipima kwa akili. Ikiwa mwanahistoria anapimwa, mtunzi wa riwaya naye ana mizani yake.

2. Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Juba

Mwanafunzi wa mji mwingine anaweza kusoma riwaya ya karne ya 19 kama habari za mbali. Sisi hatuwezi. Ng'ambo ya Mto Nile, karibu na mji wetu, iko Gondokoro, ambayo katika miaka ya 1850 na 1860 ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Kusini kidogo ya Juba iko Rejaf. Mwaka 1888 jeshi la Mahdiyya chini ya Umar Salih lilikuja kutoka kaskazini kwa meli za mvuke na kuiteka. Rejaf ikawa ngome yao mpaka mwaka 1897, walipotolewa na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliyotokea Kongo. Kwa hiyo tukisoma riwaya ya Mahdiyya tunasoma habari za jirani, na pengine za babu zetu.

Juu ya hilo kuna jeraha la karibu zaidi. Vita vilivyoanza mwaka 1983 na kumalizika kwa mkataba wa 2005 vimewafanya watu wengi hapa wauone Uislamu kama dini ya jallaba, yaani wafanyabiashara wa kaskazini. Mimi ni Mwislamu na ni mtu wa kusini. Riwaya hizi zinapozungumzia waliovamia na waliovamiwa, natajwa pande zote mbili. Wengi wenu mnaosoma makala hii mko hivyo hivyo.

3. Vitabu vitatu na maoni ya wasomaji

Kitabu cha kwanza ni River Spirit cha Leila Aboulela, mwandishi wa Sudan aliyekulia Khartoum na kuishi Scotland. Kilitoka mwaka 2023. Kinamfuata Akuany, msichana wa kusini aliyebaki yatima yeye na mdogo wake Bol baada ya kijiji chao kuvamiwa. Wanachukuliwa na mfanyabiashara kijana, Yaseen, ambaye baadaye anakuwa mwanachuoni. Nyuma yao historia inakwenda: Muhammad Ahmad anajitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, na Khartoum inaanguka Januari 1885. Kilichowavutia wasomaji wetu ni kwamba Yaseen anapinga dai la Mahdi kwa hoja za dini, si kwa kumpenda Mturuki wala Mwingereza. Ndugu mmoja aliyekimbilia Juba kutoka Khartoum baada ya vita vya Aprili 2023 alisema kitabu hiki kimempa maneno ya jambo aliloliona kwa macho yake, la Waislamu kupigana na kila upande ukidai haki. Dada mmoja hakuridhika. Kwa maoni yake, Akuany anapendwa mno na mtunzi, na mapenzi yale yanafunika ukali wa utumwa. Maoni yote mawili yalikuwa na ushahidi kitabuni.

Cha pili ni Shawq al-Darwish cha Hammour Ziada, kilichotoka Cairo na kupata Nishani ya Naguib Mahfouz mwaka 2014. Kinaanza mwaka 1898, dola ya Khalifa Abdullahi ilipovunjwa, na Bakhit Mandil, mtu aliyewahi kuwa mtumwa, anatoka gerezani akiwa na kiu ya kisasi. Hiki ni kichungu kuliko cha kwanza. Baadhi yetu waliona kinawadhalilisha Ansari wa Mahdi. Wengine walijibu kwamba mtunzi hakusema Ansari wote walikuwa hivyo. Amesema mtu mmoja aliyeumizwa aliwaona hivyo. Mimi niko na hawa wa pili. Maneno ya mhusika si fatwa ya mtunzi.

Cha tatu ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitoka Dar es Salaam mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa muuza hoteli, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anasafiri na msafara kwenda bara. Anayeijua Sura Yusuf atasikia mwangwi wake katika kitabu chote. Wenzetu waliokulia Kenya na Uganda ndio waliokifurahia zaidi, maana walikisoma kwa lugha waliyoizoea.

Lakini kuna jambo ndani yake linalotuhusu hata sisi wa huku juu ya Nile. Askari wa Wajerumani wanaotajwa hapo wana historia ya kweli: mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandikisha mamia ya askari wa Kisudani mjini Cairo, akawapeleka pwani kupigana na Abushiri. Mwaka 1891 Lugard naye alichukua Uganda askari wa Kisudani waliobaki na Selim Bey baada ya Emin Pasha kuondoka Equatoria. Wanubi wa Bombo na wa Kibera ni kizazi cha watu hao, na Kinubi chao ni ndugu wa Kiarabu chetu cha Juba. Wengi wa askari wale walitoka katika makabila ya kusini na milima ya Nuba, wakaingizwa jeshini kwa nguvu au kwa utumwa. Waliotekwa kwetu ndio waliokuja kuwa askari wa kuteka kwa wengine. Hilo silo jambo dogo la kufikiri.

4. Tulipokwama

Jioni moja tulimkaribisha mwanafunzi mwenzetu Mkristo aliyekuwa amesoma River Spirit. Alisikiliza, kisha akauliza kwa upole: mnaposoma habari za kijiji kuvamiwa, ninyi mnajiona ni nani humo?

Majibu yalikuja ya namna mbili. Kuna waliosema haraka kwamba Wazungu nao waliuza watu. Ni kweli. Gondokoro ya wakati ule ilikuwa na wafanyabiashara kutoka Ulaya, kama Andrea Debono wa Malta, na jina lake limo katika taarifa za biashara ile. Lakini jibu hilo halikujibu swali. Kuna waliosema tuache vitabu vya namna hii kwa sababu vinaleta fitna. Hilo nalo halikujibu.

Jibu nililolipata baada ya kurudi katika Qur'an ni hili. Sura An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tusimamie uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili ya Allah, ijapokuwa ushahidi huo utatugusa sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu. Sura Al-Maida, aya ya 8, inakamilisha upande wa pili: chuki yetu kwa watu fulani isituzuie kuwatendea haki. Aya ya kwanza inamzuia Mwislamu kumsafisha al-Zubayr Rahma Mansur, aliyejenga utawala wake Bahr el Ghazal juu ya biashara ya pembe na watumwa, kwa sababu tu alikuwa na jina la Kiislamu. Ya pili inamzuia yeyote kumbebesha dhambi za al-Zubayr muuza duka wa leo wa soko la Konyo Konyo. Na katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari, Allah (S.W.) amejitangaza kuwa mshitaki, Siku ya Kiyama, wa mtu anayemuuza mtu huru na kula thamani yake. Wale watoto wa vijiji vya Nile walizaliwa huru. Basi Mwislamu anaposoma kisa cha Akuany, mahali pake ni kusimama na aliyedhulumiwa, kwa sababu dini yake imemweka hapo.

Mgeni wetu aliporidhika kwamba hatumkimbii, naye alisimulia ya upande wa jamaa zake, wakiwemo waliouza wenzao. Hakulazimishwa na mtu.

5. Maswali manne ya kukipima kitabu

Kwanza, nini kilitokea kweli? Andika pembeni majina, miaka na mahali, kisha uvitafute katika kitabu cha historia.

Pili, nini kimebuniwa, na kwa haja gani? Mara nyingi mtunzi hubuni pale kumbukumbu zilipokaa kimya. Waliokuwa na karani waliandikiwa habari zao. Mtoto aliyetekwa hakuwa na karani. Hapo riwaya ina faida ambayo taarifa ya gavana haina.

Tatu, msimulizi amesimama wapi? Chukua Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru na kulelewa na wamisionari karibu na Mombasa, na katika kitabu chake Mwarabu ni mkatili na Mwingereza ni mkombozi. Machungu aliyoyasimulia ni ya kweli. Sifa alizomwagia mkoloni zinahitaji kupimwa.

Nne, baada ya kusoma, nina deni gani? Kitabu kikikuacha na hasira tu, au na fahari tu, kisome tena.

6. Adabu za kikao

Asizungumze asiyesoma. Anayelaumu ataje ukurasa. Tofautisha kauli ya mhusika na kauli ya mtunzi. Usimwambie mwenzako mwisho wa kisa kabla hajaufikia. Na akiwepo mtu ambaye ukoo wake umo katika historia inayosimuliwa, apewe nafasi ya kwanza, wala asilazimishwe kusema.

Maswali ya kujadili katika halaqa zenu:

1. Je, inafaa mtunzi ambuniye maneno mtu aliyeishi kweli na ambaye wajukuu zake wapo hai?
2. Stella Gaitano, aliyezaliwa Khartoum na wazazi wa kusini, aliandika riwaya yake Arwah Eddo (2018) kwa Kiarabu. Lugha anayoichagua mtunzi inabadilisha nini kwa msomaji wa Juba?
3. Chagua tukio moja la mji wako. Kama ungeliandikia riwaya, ni nani ungempa sauti, na ungehakikishaje kwamba humdhulumu?

Tunamwomba Allah (S.W.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.