Somo: Kompyuta, Picha na Sauti Katika Ukumbi wa Usharika

Usharika unaotaka kuonyesha filamu za afya, kilimo na malezi mara nyingi huanza kwa kuuliza bei ya projekta. Tunashauri muanze na hesabu ya umeme. Umeme ukikatika jioni hapa Kayanga, betri ndiyo itakayomaliza kipindi.

1. Hesabuni wati. Someni kibandiko cha kila kifaa. Mfano: projekta 250, kompyuta ya mkononi 60, spika 50, jumla wati 360. Kwa saa 2 ni wati-saa 720. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, hubeba 1,200, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara huharibika mapema. Basi tuna 600 tu, na hazitoshi. Mkiweka televisheni ya wati 100 badala ya projekta, saa 2 ni wati-saa 420. Zinatosha, hata inveta ikila kiasi.

2. Unganisheni. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Picha ikija bila sauti, chagueni njia ya sauti kwenye mipangilio ya kompyuta.

3. Jaribuni. Programu ya VLC ni ya bure, nayo huonyesha filamu bila intaneti. Ichezeni filamu nzima kwa betri siku moja kabla.

Kwa majadiliano: Je, betri yetu itachakaa lini, na fedha ya kununua nyingine tumeanza kuiweka?