Malengelenge ya Mdomo: Kijitabu cha Kaya za Kilimanjaro

Malengelenge ya mdomo huuma siku chache, lakini hofu yake inaweza kukaa na mtu miezi. Mke anaanza kumtazama mumewe kwa jicho jingine. Kijana anajitenga na wenzake. Mwingine anazunguka maabara za Moshi mjini akilipia kipimo hiki na kile, na hakuna jibu linalomtosha. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa kaya zenye hofu hiyo, kuanzia Arusha Chini hadi Kibosho na Marangu. Tunachotaka ni hofu iondoke mahali isipostahili na ihamie panapostahili: kwa mtoto mchanga na kwa jicho.

Yanatoka wapi

Malengelenge haya huletwa na virusi vya hepesi simpleksi, hasa aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani 64 katika kila 100, wanaishi na virusi hivyo. Kwetu Afrika wenye navyo ni wengi zaidi, na wengi tulivipata utotoni. Bibi alimbusu mjukuu. Dada alimwonjea mdogo wake uji kwa kijiko kilekile alichomlishia. Watoto walipokezana muwa njiani. Hakuna aliyekosa hapo.

Virusi vikishaingia hupanda kwa njia ya neva na kujificha kwenye fundo la neva za uso, ndani ya fuvu. Humo hukaa maisha yote. Kwa watu wengi havitoi dalili yoyote. Kwa wengine hushuka mara kwa mara na kutokea mahali palepale. Kwanza ngozi inawasha au kuchoma upande mmoja wa mdomo. Siku hiyo au inayofuata vinatokeza vipele vya majimaji vilivyokusanyika pamoja, kisha vinapasuka na kufanya gamba. Ndani ya siku 7 hadi 10, kwa kawaida, pamepona bila kovu.

Vinavyoamsha virusi ni homa, uchovu, hedhi, mawazo mengi, jeraha la mdomo na jua kali. Kwa watu wa mlimani, jua lina habari yake. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya kuchuja miale inavyopungua, na kwa kila mita 1,000 miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na theluji ikiwapo huirudisha miale hiyo usoni kutoka chini. Baridi ya Kibo humfanya mpagazi asihisi kuwa anaungua. Anashuka midomo imebabuka, na kama ana virusi, siku mbili tatu baadaye malengelenge yanatoka. Kofia yenye ukingo mpana na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ni vifaa vya kazi kwa mpagazi na mwongozaji sawa na viatu.

Ukanda wa chini, kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, tatizo ni malaria. Mgonjwa akitoka vidonda, wenyewe husema homa imetokea mdomoni, wakafurahi kwamba malaria imekwisha. Joto la homa ndilo lililoamsha virusi. Kidonda hakituambii kama malaria ipo au imepona, kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria kama kawaida, awe na kidonda au asiwe nacho.

Mengine yanayofanana nayo

Vipele vidogo vyenye rangi ya maziwa, visivyouma wala kuwasha, vilivyotapakaa mdomoni au ndani ya shavu kwa miezi na miaka, ni tezi za mafuta za kawaida. Watu wazima wengi wanavyo. Vimewakosesha usingizi watu ambao hawakuwa na ugonjwa wowote.

Kidonda cheupe chenye ukingo mwekundu ndani ya shavu au chini ya ulimi, kinachofanya pilipili na nanasi vikuchome, mara nyingi ni kidonda cha kawaida cha kinywa na hakiambukizi. Mpasuko kwenye pembe za mdomo huweza kutokana na fangasi au upungufu wa madini ya chuma na vitamini. Utando mweupe kinywani ni fangasi. Kidonda kigumu kisichouma kinaweza kuwa kaswende, nacho kinatibika kabisa kwa sindano ya penisilini. Na kama kila ukimeza Septrini au dawa nyingine ya salfa mdomo unababuka palepale, huenda mwili wako unaikataa dawa hiyo. Acha kuimeza na umwambie daktari, maana mzio wa aina hii mara chache huwa mkali hadi kubabua ngozi ya mwili mzima.

Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu kichunguzwe, kwani kinaweza kuwa saratani. Watu wenye ualbino wasingoje hata wiki hizo.

Ndoa, lawama na UKIMWI

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoumia. Baba amerudi safari, wiki haijaisha kidonda kimemtoka, na mama anaanza kuhesabu siku. Au mama ndiye mwenye kidonda, na ukoo mzima wa mume una la kusema. Tunasema bila kuzunguka: lengelenge la mdomoni haliwezi kuwa ushahidi wa uzinzi. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka 30 bila dalili, kidonda chake cha kwanza kikaja baada ya homa, msiba au siku nzima ya kuvuna kahawa juani. Hakuna kipimo kinachoweza kutaja siku aliyoambukizwa wala aliyemwambukiza. Wazee wanaosuluhisha ndoa kwa kidonda kama hiki wanahukumu bila shahidi.

Kidonda kikiwa kibichi, hata hivyo, busu lisubiri, na kujamiiana kwa njia ya mdomo kusubiri pia, kwa sababu virusi hivi vinaweza kuhamia sehemu za siri. Malengelenge ya sehemu za siri, ambayo mara nyingi huletwa na aina ya pili ya virusi, yanahitaji mume na mke waende kliniki pamoja.

Hofu nyingine ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu walijifunza kusoma ngozi za wenzao. Mkanda wa jeshi ulihesabiwa kuwa dalili, na malengelenge ya mdomo yakaingizwa humo humo. Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vya tetekuwanga, ambavyo ni vingine. Malengelenge ya mdomo yanayopona ndani ya wiki mbili hayasemi lolote kuhusu VVU. Yakikaa zaidi ya mwezi, au yakisambaa, kinga ya mwili huenda imeshuka, na hapo kupima VVU ni lazima. Kwa siku nyingine zote, pima kwa sababu kujua hali yako ni vizuri, usipime kwa sababu ya kipele.

Kwenda kwa daktari

Nenda kidonda kikiwa kipya. Daktari anayeona lengelenge bichi anajua zaidi ya anayesimuliwa. Kama huwezi kufika siku hiyo, lipige picha kwa simu kwenye mwanga wa dirishani. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Kama kuna shaka utapewa rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC. Kilimanjaro imejaliwa katika jambo hili. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 1992 ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichofundisha maafisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Sema lini kilianza, kama paliwasha kabla, kama kimewahi kutoka hapo hapo, dawa ulizomeza mwezi huu, kama una mimba na kama nyumbani kuna kichanga. Kisha sema na hofu yenyewe. Mtu akificha kwamba anawaza UKIMWI au anamshuku mwenzake, ataandikiwa dawa ya kupaka na kurudi na mzigo wake wote.

Mara nyingi daktari hutambua kwa macho. Usijipangie kipimo cha damu. Kwa kuwa watu wazima wengi wana virusi hivi, kipimo kitaonyesha kwamba umewahi kuambukizwa, na hakitasema kama kipele cha leo ni hicho. Kipimo chenye maana, pale daktari anapokihitaji, ni cha majimaji ya kidonda kibichi.

Ukishapewa jibu na mtaalamu aliyekuangalia, jibu hilo lipokee. Kulirudia katika maabara ya tatu hakuongezi uhakika, kunaongeza deni. Lakini kama bado huli, hulali, na unajitazama kwenye kioo kila saa, hofu yenyewe imekuwa ugonjwa na ina tiba. Mwambie mhudumu huyo huyo, naye atakuelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Hakuna aibu.

Matunzo ya nyumbani

Kidonda cha kawaida hupona chenyewe. Kisafishe kwa maji safi na sabuni laini, paka mafuta mgando kisikauke na kupasuka, meza parasetamoli kama kinauma. Vidonge vya asaiklova hufupisha siku za ugonjwa vikianzwa mapema, mdomo unapoanza kuwasha, muulize mtabibu. Amoksilini haiui virusi. Usipake spiriti, dawa ya meno, wala krimu za steroidi zinazouzwa madukani kwa ajili ya vipele. Kidonda kikiwepo, kuwa na kikombe chako, na kata ya mbege ikipita mwombe mwenyeji akujazie kwenye bilauri. Hakuna mzee mwenye busara atakayeona hilo ni dharau.

Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano anapoambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kuugua hasa: homa, fizi nyekundu zilizovimba, udenda, kukataa chakula kwa siku 10 au zaidi. Baadhi ya kaya huwapeleka watoto hawa wakang'olewe kile wanachokiita meno ya plastiki, au wakatwe kimeo. Tunawasihi msifanye hivyo. Watoto wamepoteza damu nyingi na wengine maisha. Mpe mtoto maji, maziwa na uji uliopoa, kidogo kidogo, mchana na usiku. Asipokojoa, akilegea, mpeleke hospitali.

Jicho na kichanga

Ukigusa kidonda, nawa mikono kabla ya kugusa jicho. Virusi vikiingia kwenye kioo cha jicho vinaweza kuacha kovu na kupofusha. Jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga halinunuliwi dawa ya matone dukani, kwa kuwa zenye steroidi huweza kuliharibu haraka. Linapelekwa kliniki ya macho.

Mtoto wa chini ya wiki sita hana kinga ya kutosha. Kwake virusi hivi vinaweza kufika kwenye ini na ubongo. Jamaa wanapokuja kumwona mama mzazi na kunywa mtori, na Desemba ukoo unaporudi mlimani kutoka Dar es Salaam na Arusha, kila mtu anataka kumbusu mtoto. Mwenye kidonda asimbusu, asimguse kabla ya kunawa. Bibi wa nyumba alitangaze hilo mlangoni, kwani neno lake linasikika kuliko la mama kijana. Mama mwenye kidonda cha mdomo aendelee kunyonyesha, anawe mikono na avae barakoa. Akiwa na kidonda kwenye ziwa, asinyonyeshe ziwa hilo mpaka lipone, na amwone mtabibu.

Kichanga akikataa kunyonya, akichemka au kupoa mwili, akilegea, akitetemeka au akitoka lengelenge hata moja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Dawa ya kumtibu kwa njia ya mshipa ipo, na huokoa anayewahishwa.