SOMO LA UCHUMI: HISA ZA NCHI ZINAZOINUKIA

Wahenga walisema, "Mshika mbili moja humponyoka." Hata hivyo mkulima hapandi mahindi peke yake, kando yake huweka muhogo. Mvua ikikosa, mahindi hukauka, lakini muhogo hustahimili. Amegawanya kwa sababu adui wa zao moja si adui wa zao la pili. Kanuni hiyo yafaa pia katika akiba, hasa kwa ndugu zetu waliokwisha kutoka shuleni na kuanza kupokea mshahara.

Hisa ni sehemu ya mali ya kampuni. Mwenye hisa hupewa gawio kampuni ikitoa faida, na bei ya hisa yake hupanda na kushuka. Mwaka 1981 Antoine van Agtmael, Mholanzi, alibuni jina la "masoko yanayoinukia" kwa masoko ya hisa ya nchi ambazo hazijatajirika lakini uchumi wake unakua. Siku hizi Uhindi, China, Brazili na Afrika ya Kusini zimo kundini humo.

Faida ya kugawanya

Mtu aliyeweka dola 100 katika hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani mwisho wa 1999 alikuta kama dola 90 mwisho wa 2009, gawio likiwamo. Dola 100 katika masoko yanayoinukia zilizidi 200. Miaka kumi iliyofuata mambo yaligeuka: za Marekani zilipita 300, na zile nyingine hazikufika 200. Aliyegawa nusu kwa nusu hakuongoza mara yoyote, wala hakubaki mikono mitupu.

Hatari zake

1. Sarafu. Julai 1997, kabla sarafu ya Thailand haijaanguka, dola moja ilikuwa kama baht 25. Januari 1998 ilipita baht 50. Basi hisa za baht 25,000 zilizokuwa na thamani ya dola 1,000 zilibaki chini ya dola 500, hata kama bei yake Bangkok haikushuka.

2. Vita na siasa. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraini, shirika la MSCI liliziondoa hisa za Urusi katika orodha yake ya masoko yanayoinukia kwa bei iliyo karibu na sufuri. Wageni wengi waliokuwa nazo hawakuweza kuziuza.

3. Hofu ya dunia nzima. Mwaka 2008 hisa za Marekani zilipungua kwa zaidi ya theluthi, na za masoko yanayoinukia kwa zaidi ya nusu. Ukame ukizidi, hata muhogo hunyauka.

Kwa hiyo asiingize humo ada ya watoto wala fedha za matibabu. Aweke sehemu tu ya akiba asiyoihitaji kwa miaka mingi, aitawanye katika nchi nyingi, na aulize kwanza ada ya wakala.

Maswali

1. Kama hisa zile za Bangkok zingalipanda hadi baht 40,000, na dola moja ni baht 50, mwenye nazo angalipata faida au hasara? Ya dola ngapi?

2. Mtu amenunua hisa za benki tatu za nchi moja. Je, amegawanya akiba yake? Eleza.