Somo la Mchangani: Kuendesha Motokaa Ufukoni mwa Ziwa Mweru

Ndugu wasomaji, ninyi mlioko shuleni sasa na ninyi tuliosoma pamoja zamani, wengi wenu mmejifunza kuendesha motokaa katika barabara ya lami, na wengine katika njia za udongo. Lakini mchanga ni mwalimu mwingine kabisa, na viboko vyake ni vikali. Mimi nilichapwa naye siku moja ya mwezi wa Oktoba huko Kabuta. Kwa kuwa kosa langu halikunigharimu mimi peke yangu, nimeona yafaa niwaandikie, ili atakayekwenda kuvua asilirudie.

Kabuta iko kandokando ya Ziwa Mweru, katika Wilaya ya Nchelenge, nchini Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mto Luapula huingia ziwani upande wa kusini, na maji hutoka upande wa kaskazini karibu na Pweto kwa jina la Luvua, yakaenda kujiunga na Mto Lualaba. Mwishoni mwa kiangazi maji hurudi nyuma, na mchanga mwingi mkavu huachwa wazi. Hapo ndipo mgeni mwenye ndoana na motokaa hudanganyika.

Tulikuwa watu wanne, na gari letu lilikuwa lile lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Basi tulijiona wafalme. Tulipoacha barabara na kuuona mchanga mbele yetu, sikushuka kutazama. Nilikanyaga mafuta. Gari lilikwenda hatua hamsini hivi, likaanza kulegea kama mtu aliyechoka, nami nikazidi kukanyaga. Magurudumu yakazunguka pale pale, mchanga ukaruka nyuma, na kabla ya dakika kupita gari lilikuwa limelala juu ya tumbo lake.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaja polepole. Tulimwamkia kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," naye akaitikia, kisha akasema nasi kwa Kiswahili, maana alikuwa amefanya biashara miaka mingi huko Pweto. Nilidhani atatazama magurudumu. Hakuyatazama. Alinyosha kidole nyuma yetu, kwenye alama za matairi. Tulikuwa tumepita juu ya chisense walioanikwa mchangani. Chisense ni samaki wadogo sana, ndugu wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Huvuliwa usiku kwa taa, na kukipambazuka huanikwa juani. Mama mwenye samaki hao alikuwa amesimama kando, mikono kichwani. Kazi ya usiku mzima ilikuwa imechanganyika na mchanga.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "gari lako halikukosa nguvu. Lina upepo mwingi, nawe una haraka nyingi. Punguza vyote viwili."

Tulimwomba mama yule radhi, tukamlipa thamani ya samaki wake. Kisha tukatoa upepo katika matairi, tukafukua mchanga, na gari likatoka bila kishindo. Tangu siku ile nimelishika neno la mzee, na somo langu lote la leo ni maelezo ya neno hilo.

Kwa nini kutoa upepo?

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme gari pamoja na watu na mizigo lina uzito wa ratili 4,800, yaani kilo 2,180 hivi. Kila gurudumu labeba ratili 1,200. Ikiwa upepo wa tairi ni paundi 30 kwa kila inchi ya mraba, basi sehemu ya tairi igusayo chini ni inchi 40 za mraba tu. Punguza upepo hadi paundi 15, na sehemu hiyo yawa inchi 80. Hesabu hii si kamili, kwa maana ubavu wa tairi nao hubeba kidogo, lakini yaonyesha jambo lenyewe. Tairi lililolegea hurefuka chini kama unyayo wa ngamia. Tairi gumu hukata mchanga kama kwato za mbuzi.

Jambo hili si jipya. Katika miaka ya 1920 na 1930 askari mmoja Mwingereza, Ralph Bagnold, alivuka majangwa ya Misri na Libya kwa motokaa ndogo za Ford. Yeye na wenzake walipunguza upepo wa matairi, wakachukua na vipande virefu vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu yaliyozama. Magari yao hayakuendeshwa kwa magurudumu manne, ila mawili tu. Hata hivyo walipita. Na hilo Land Rover tulijualo sote, Maurice Wilks alilichora kwanza mchangani, ufukoni mwa kisiwa cha Anglesey, mwaka 1947; mwaka uliofuata likaonyeshwa Amsterdam.

Kabla ya kuingia

Kwanza, shuka utembee kwa miguu. Ukizama hadi kifundo, gari nalo litazama. Tazama samaki walioanikwa, nyavu, kamba za mitumbwi na watoto wanaocheza. Waamkie watu, uwaulize njia. Kuuliza si ujinga.

Pili, pima upepo kwa kipimo, usikisie kwa macho. Anayeanza na apunguze hadi paundi 18 au 20. Mchanga ukiwa laini sana, hadi 15. Usishuke chini zaidi bila mtu mzoefu, maana tairi laweza kuchomoka katika rimu ukikata kona.

Tatu, tia giya ya magurudumu manne ukiwa ungali juu ya ardhi ngumu. Magari mengine, hasa ya zamani, huhitaji kufungwa vifungio vya magurudumu ya mbele kwa mkono. Wengi husahau, wakalaumu gari.

Nne, chukua beleshi, pampu, kamba imara, na mbao mbili. Ubao mmoja ni wa kuweka chini ya jeki, maana jeki peke yake itazama.

Ukiwa mchangani

Nenda mwendo mmoja, si wa kasi wala wa kusitasita. Kanyaga mafuta kwa upole. Giya ya pili ya nguvu hufaa mara nyingi. Fuata alama za gari lililotangulia, kwa kuwa mchanga wake umekwisha shindiliwa. Usikate kona kwa ghafula. Ukitaka kusimama, usikanyage breki kwa nguvu, kwa sababu mchanga hujikusanya mbele ya magurudumu ukawa ukuta; inua mguu tu, gari litasimama lenyewe. Tena simama mahali penye mteremko kidogo, ili uondoke kwa urahisi.

Jihadhari na ukingo wa maji. Mchanga mbichi huwa mgumu, lakini karibu na matete na vijito huenda chini yake kuna tope. Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, ila upepo ukivuma huleta mawimbi hadi pale ulipoegesha.

Ukikwama

Gurudumu likizunguka bila kwenda, ondoa mguu mara moja. Kila mzunguko ni kaburi lako wachimba. Jaribu kurudi nyuma taratibu katika alama zako. Likikataa, shuka, toa upepo zaidi kidogo, fukua mchanga mbele ya magurudumu yote na chini ya tumbo la gari, uweke mbao au matete makavu. Wateremshe abiria na mizigo. Ukivutwa kwa kamba, watu wote wakae mbali nayo, kwani ikikatika yaweza kuua. Na kama uko ukingoni mwa maji, mmoja wenu alinde, maana ziwa hili lina mamba na viboko.

Ukirudi barabarani, toa giya ya magurudumu manne na ujaze matairi kabla ya kwenda kasi. Tairi lenye upepo mdogo hupata moto juu ya lami, likapasuka.

Ufuko una wenyewe

Sisi tuendao kuvua kwa kujifurahisha twauona ufuko kama uwanja wa michezo. Kwa wenyeji ni shamba, ni ghala, ni karakana. Yule mama hakuwa na shamba jingine siku ile. Kadhalika kumbukeni kwamba Zambia hufunga uvuvi kila mwaka tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Basi ulizeni ofisi ya uvuvi kabla ya kufunga safari.

Ndugu zangu, haraka haraka haina baraka, na mchangani methali hii haina mzaha. Punguzeni upepo, punguzeni haraka, nanyi mtafika majini mkiwa na amani na watu wa ufukoni.

Maswali ya kujipima

1. Gari lina uzito wa ratili 5,400. Ikiwa upepo ni paundi 30, kila tairi lagusa inchi ngapi za mraba? Na ukiwa paundi 18?
2. Kwa nini kukanyaga breki kwa nguvu ni kosa mchangani?
3. Taja mambo matatu ya kutazama kwa miguu kabla gari halijaingia ufukoni.